Jinsi ya Kusoma Jengo la Kanisa Dogo la Kijijini na Kuandika Historia Yake

Jubilei inapokaribia, kamati huundwa, na kamati hiyo humteua mtu mmoja, mara nyingi mwalimu mstaafu, aandike historia fupi ya kanisa. Mtu huyo hutafuta majina ya wamisionari na miaka waliyohudumu, huyapanga kwa safu, huongeza picha ya askofu, na kijitabu huenda kwa mchapaji. Jengo ambalo watu wamesali ndani yake kwa miaka mia moja au zaidi haliulizwi lolote, ingawa ndilo shahidi pekee aliyekuwapo tangu siku ya kwanza na ambaye hajahama.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unaanza na jengo, kisha unakwenda kwenye vitabu vya kanisa, kisha kwa wazee, kisha kwenye nyaraka za mbali, na mwishoni unarudi kwenye jengo ili kuhakiki yaliyosemwa. Mifano mingi ni ya pwani: Mbweni katika kisiwa cha Unguja, Rabai nyuma ya Mombasa, Bagamoyo na Malindi. Hata hivyo, hatua zenyewe zinafaa kwa kanisa la matofali ya kuchoma huko Upare au la mawe kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Siku ya kwanza: ingia peke yako

Omba ufunguo siku isiyo ya ibada. Chukua daftari lenye mistari ya miraba, tepu ya kupimia ya mita 30, dira (ya simu inatosha), tochi na mtu mmoja wa kushika ncha ya tepu. Usimchukue mzee anayejua kila kitu. Wakati wake utafika, lakini ukimsikiliza kabla ya kutazama, utaona alichokuambia badala ya kuona kilichopo.

Pima urefu na upana wa ndani, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa pande zote mbili. Vipimo viwili vya kona vikilingana, kona za jengo ni za pembe mraba. Visipolingana, ama mafundi walikisia, ama sehemu moja iliongezwa baadaye bila kufuata mstari wa kwanza. Pima unene wa ukuta kwenye kila mlango na kila dirisha, si mahali pamoja tu, kwa sababu unene ukibadilika ghafla umepata mpaka kati ya ujenzi mmoja na mwingine. Chora ramani ya sakafu kwa kipimo ambacho sentimita moja inasimama badala ya mita moja, na usiogope kuichora upya mara tatu.

Halafu toa dira. Desturi ya zamani ya makanisa mengi ilikuwa kuelekeza altare mashariki, lakini vijijini desturi hiyo ilishindana na mteremko wa ardhi, barabara na umbo la kiwanja. Kwenye pwani yetu kuna ulinganisho mzuri ambao watu huupita kila siku bila kuuona. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Zanzibar, hivyo kibla ya misikiti ya Unguja ni kaskazini. Kanisa lililofuata desturi ya kuelekea mashariki litakuwa limekaa kama msalaba na msikiti wa jirani. Kanisa lako lisipoelekea mashariki, usiandike kwamba wajenzi walikosea. Tafuta kwanza kilichokuwapo kiwanjani, kwa sababu mara nyingi jengo jipya lilisimamishwa kando ya la zamani ambalo bado lilikuwa likitumika, na nafasi iliyobaki ndiyo iliyoamua mwelekeo.

Upana wa kanisa unaeleza paa lake

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo usanifu wa kanisa dogo unapofichua mengi.

Nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba virefu na vyembamba. Sababu inajulikana: dari lao hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Nyumba inaweza kuvumilia wembamba huo, lakini kanisa haliwezi, kwa sababu linahitaji watu wengi wakae chini ya paa moja na wote waone altare. Kwa hiyo kila aliyejenga kanisa la mawe pwani alilazimika kujibu swali ambalo fundi mwashi wa kienyeji hakuwa na haja ya kulijibu, yaani jinsi ya kuvuka mita sita au nane bila nguzo katikati.

Majibu yalikuwa machache. La kwanza ni kenchi za mbao zilizopasuliwa, ambazo zilihitaji msumeno na mseremala. La pili ni kuweka safu mbili za nguzo ndani na kugawa upana katika sehemu tatu. La tatu, lililo gumu zaidi, ni kujenga paa la upinde. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, mjini Zanzibar, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa kufungwa mahali hapo hapo, lina paa la namna hiyo. Askofu Edward Steere alilijenga kwa matumbawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji, na kuna waliodhani litaanguka. Halikuanguka, na Steere alizikwa nyuma ya altare yake mwezi Agosti 1882.

Ukiingia kanisa la kijijini, basi, inua macho kabla ya kutazama picha za ukutani. Hesabu kenchi. Angalia kama zimefungwa kwa bolti, kwa misumari au kwa kuchomekana mbao kwa mbao. Tazama kama mbao zina matundu yasiyo na kazi, kwa maana matundu hayo huonyesha kwamba mbao zilitoka paa jingine. Angalia pia nafasi kati ya fito: makuti, vigae na mabati vinataka nafasi tofauti, na fundi aliyebadilisha makuti kuwa mabati mara nyingi aliacha fito za zamani mahali pake. Kanisa dogo la Wareno pale Malindi, mji ambao mmisionari Francis Xavier alipita mwaka 1542 akielekea India, linaezekwa makuti hadi leo, na mgeni anayelitazama kwa haraka hulidhani banda. Kuta zake nene za mawe ndizo zinazopaswa kumzindua.

Vigae vikiwapo, omba kimoja kilichovunjika na ukigeuze. Vigae vingi vya zamani vya pwani vililetwa kutoka Mangalore, India, na viwanda vya huko vilikuwa na mazoea ya kugonga muhuri wa jina. Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda chake cha vigae Mangalore mwaka 1865. Kutokana na Vita Kuu ya Kwanza viwanda vya misheni hiyo vilichukuliwa na Waingereza na kuwekwa chini ya kampuni ya Commonwealth Trust. Muhuri mmoja unaweza kukupa ukomo wa miaka ambao hakuna mzee anayeukumbuka. Kumbuka tu kwamba kigae kinaeleza umri wa paa, na paa huwa changa kuliko kuta.

Kuta, lipu na madirisha yaliyozibwa

Ukuta wa zamani wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo na kuyaacha yapoe hadi yawe unga, kisha kuuchanganya na mchanga au udongo mwekundu. Bara, mawe huacha nafasi kwa tofali mbichi, kisha kwa tofali za kuchoma. Tofali za saruji ni za baadaye kabisa: kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954 na cha Wazo Hill mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilitoka ng'ambo kwa meli na ilikuwa ghali, ikitumika kwa uchache, pengine kwenye sakafu, ngazi za altare au msalaba wa juu ya mlango. Ukikuta ukuta mzima wa tofali za saruji katika kanisa linalosemekana kuwa la mwaka 1910, ukuta huo si wa mwaka 1910, hata kama umepakwa rangi moja na nyingine zote.

Usikwangue lipu ili kuona kilicho chini. Njoo saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, wakati jua linapiga ukuta kwa ubavu, na uutazame ukiwa umesimama karibu nao. Madirisha yaliyozibwa hujitokeza kama vivuli hafifu vyenye umbo la upinde, na mahali ambapo sehemu mpya iliunganishwa na ya zamani huonekana ufa mwembamba uliosimama wima kutoka chini hadi juu, ambao hurudi kila unapozibwa. Piga picha ya ufa huo. Fundi wa kanisa atakuambia ni tatizo la msingi, na huenda ni kweli, lakini ufa ulionyooka hivyo aghalabu ni tarehe iliyoandikwa bila tarakimu.

Ndani, tazama sakafu mbele ya altare. Katika makanisa ya Kikatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965, ulifuatiwa na mabadiliko makubwa ya mpangilio: altare iliyokuwa imegusa ukuta ilisogezwa mbele ili padre awaelekee waumini, na kizuizi ambacho waumini walipiga magoti mbele yake kupokea komunyo kikaondolewa mahali pengi. Kizuizi kikiondoka, alama zake hubaki sakafuni: safu ya viraka vya saruji, au mstari wa rangi tofauti. Kwa Waanglikana tofauti ni ya aina nyingine. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyokuwa Zanzibar, Magila na Masasi, ilipenda altare iliyoinuliwa kwa ngazi, mishumaa na ubani. CMS (Church Missionary Society), misheni nyingine ya Kianglikana, iliyokuwa Mombasa na Rabai, ilikuwa na moyo wa kiinjili, na huko mimbari na usomaji wa Neno vilipewa uzito. Ngazi tatu kuelekea altare, au kutokuwapo kwake, si jambo la urembo tu. Ni tamko la imani, na mwandishi wa historia aliseme.

Kuhusu kisima cha ubatizo, viti na vioo vya rangi sitasema mengi. Vinahamishika, huletwa kama zawadi, na vinaweza kuwa vya zamani kuliko kanisa au vipya kuliko wewe. Viandike, vipige picha, viulizie asili yake, usivitumie kukadiria umri wa jengo.

Kengele nayo ni hivyo hivyo, na hapa nina kosa langu la kukiri. Nilipokuwa nikiandika habari za kanisa moja dogo, nilipanda mnarani, nikasoma mwaka uliochongwa kwenye kengele, nikautangaza kuwa mwaka wa kanisa. Ulikuwa mwaka wa kengele kumiminwa huko Ulaya. Kanisa lilikuwa limeitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na ilibidi kurasa mbili zichapishwe upya. Hata hivyo kengele ina historia yake inayostahili ukurasa. Pale Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru ambayo CMS ilianzisha ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, kengele iligongwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakaribia, na eneo hilo linaitwa Kengeleni hadi leo. Jina la kituo cha matatu limehifadhi kile ambacho vijitabu vingi vimekisahau.

Jiwe la msingi si cheti cha kuzaliwa

Kanisa la kijijini lina tarehe zisizopungua nne, na vijitabu huzichanganya: siku Injili ilipohubiriwa hapo mara ya kwanza, siku jiwe la msingi lilipowekwa, siku jengo lilipotabarukiwa, na siku lilipopandishwa hadhi kutoka kigango au mtaa kuwa parokia au usharika kamili. Kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miaka sitini. Tengeneza jedwali la tarehe hizo nne, na mahali usipo na tarehe acha wazi.

Mbweni ni mfano mzuri. Askofu Tozer alinunua shamba hilo, kusini ya mji wa Zanzibar, mwaka 1871, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na wasichana walijengewa shule ya Mtakatifu Maria. Kanisa dogo la mawe la Mtakatifu Yohana, linalotumika mpaka sasa, ni la mwaka 1882. Kwa hiyo palikuwa na jumuiya, mashamba, shule, ndoa na mazishi kwa miaka kumi na zaidi kabla ya kanisa hilo, na anayeanza historia ya Mbweni na mwaka 1882 amewafuta waliolijenga. Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuisimamia shule ile kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1926 na kuzikwa hapo hapo. Shule yake sasa ni magofu ambayo mizizi imeyakumbatia, ila kanisa bado lina watu kila Jumapili.

Rabai ni fundisho jingine. Mmisionari wa CMS Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akampoteza mkewe na mtoto mchanga mwaka huo huo, na mwaka 1846 akaanza kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Jengo lao la awali limegeuzwa makumbusho, na kanisa la mawe linaloonekana leo ni la miaka ya 1880. Kati ya majengo hayo mawili, kijiji chenyewe kilibadilika: watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia huko kwa mamia, hadi tarehe 1 Januari 1889, wakati watu wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni walipopewa hati za uhuru baada ya wale waliodai kuwa mabwana wao kulipwa fidia. Mmoja wa viongozi wa Rabai wakati huo alikuwa William Jones, mtu aliyekuwa mtumwa, akasomeshwa Nasik huko India, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1885. Huwezi kueleza ukubwa wa kanisa hilo bila kueleza watoro hao.

Vitabu vya kanisa

Omba kibali cha kuona rejesta za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kwa kanisa la Kikatoliki rejesta za zamani zitakuwa kwa Kilatini, lakini usitishike, kwani maneno ni yale yale ukurasa hadi ukurasa: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, la aliyebatiza, na tarehe. Huhitaji kunakili majina yote, na ya watu walio hai usiyanakili kabisa. Unachohitaji ni hesabu: waliobatizwa kila mwaka ni wangapi, wametoka vijiji gani, ni watu wazima au watoto. Rejesta inapobadilika kutoka watu wazima wengi kwenda watoto wachanga wengi, kanisa limeacha kuwa la waongofu na limekuwa la familia, na mara nyingi ni miaka hiyo hiyo jengo linapoongezwa urefu. Linganisha na ufa wako wa wima.

Baada ya rejesta tafuta kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa, daftari za michango, na risiti za mabati. Daftari ya michango ina thamani kuliko hotuba zote za jubilei. Humo utakuta nani alitoa kuku, nani alitoa siku tatu za kubeba mchanga, na nani aliahidi mifuko miwili ya saruji akatoa mmoja.

Wazee

Sasa mwite yule mzee. Usimuulize mwaka, muulize tukio. Alikuwa darasa la ngapi paa lilipoezekwa? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa, kanisa lilibaki na nani? Mpeleke ndani ya jengo na umwache atembee, kwa sababu miguu hukumbuka. Atasimama mahali pasipo na kitu na kusema, "Hapa palikuwa na ubao wa darasani," nawe utaelewa kwa nini ukuta huo una matundu manne yaliyozibwa. Vijijini kwingi kanisa na shule vilikuwa jengo moja, mwalimu na mwinjilisti au katekista vilevile mtu mmoja, hadi shule zilipochukuliwa na serikali kufuatia sheria ya elimu ya mwaka 1969 nchini Tanzania.

Uliza kwa makini habari za wanawake. Mawe ya msingi huandikwa majina ya maaskofu, na picha za zamani huonyesha mafundi wakiwa wameshika pimamaji, lakini maji ya kuchanganyia udongo hayakujipeleka kilimani. Mkutanishe bibi mmoja na mwenzake wa rika lake, waanze kubishana nani alibeba nini, na kalamu yako isisimame.

Uliza pia juu ya miaka ya upweke. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, na nyaraka za Ulaya kwa miaka hiyo ni chache. Kijitabu kinachoruka kutoka 1916 hadi 1925 kwa kuwa hakuna barua kutoka Misheni ya Leipzig ya Ujerumani kinasema, bila kukusudia, kwamba kanisa lilifungwa. Halikufungwa. Walimu na wazee wenyeji walibatiza, walizika na kuziba mapaa, na habari zao zimo katika familia zao. Kusini mwa Tanzania pengo ni jingine: vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 viliteketeza vituo vya Masasi, Nyangao na Peramiho, na kanisa lolote la kusini linalodai kusimama bila kukatika tangu kabla ya hapo linahitaji uthibitisho wa mawe.

Nyaraka za mbali, na maneno ya kuepuka

Ukijua ni misheni gani iliyojenga, utajua barua ziko wapi. Za UMCA ziko katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na sehemu nyingine katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanzisha Bagamoyo mwaka 1868, wana hifadhi yao Chevilly-Larue, karibu na Paris. Misheni ya Leipzig imehifadhi zake Halle, Wamoravian Herrnhut, na Wamisionari wa Afrika, ambao kila kituo chao kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, wako Roma. Andika barua fupi yenye jina la kituo kwa tahajia zote za zamani na miaka unayoitaka, ukiuliza hasa picha na ramani, kwa kuwa picha moja ya mwaka 1900 inaweza kumaliza ubishi wa kikao kizima. Usisahau magazeti ya Kiswahili ya misheni zenyewe: *Msimulizi* lilianza kutolewa Zanzibar mwaka 1888, na ndani yake wenyeji waliandika habari za vituo vyao kwa maneno yao.

Unapoandika, liogope neno "la kwanza." Malindi wana kanisa la Wareno, Rabai wana jengo la Krapf, na Bagamoyo wana kanisa la mwaka 1872 ambalo mnara wake bado umesimama, ule ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874, kabla ya kusafirishwa; kanisa kubwa lililo karibu nalo ni la 1910 hadi 1914. Kila mahali utasikia "la kwanza Afrika Mashariki," na kila mmoja ana haki kwa namna yake. Andika la kwanza la nani, la aina gani na katika eneo gani, au uache neno hilo.

Epuka pia kusema kanisa "lilijengwa na" mtu mmoja. Andika aliyetoa ramani, aliyesimamia, waliochoma chokaa, waliopasua mbao na waliotoa fedha, na kama hujui majina ya baadhi yao, wape nafasi yao kwa kueleza kazi iliyofanyika.

Kabla mafundi hawajaja

Jubilei huja na ukarabati, na ukarabati umeharibu makanisa mengi kuliko mvua. Toa daftari lako kwa kamati kabla ya zabuni. Eleza kwamba ukuta wa mawe na chokaa hupumua, na ukipigwa lipu ya saruji unyevu hufungiwa ndani, chumvi hupanda, na baada ya misimu michache lipu huanguka ikiwa na uso wa ukuta. Ukuta wa chokaa hurekebishwa kwa chokaa. Eleza pia kwamba kigae kilichong'olewa kina muhuri, na kwamba kenchi ya zamani isichomwe kuni kabla haijapigwa picha.

Usitegemee kwamba sheria italinda jengo lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na takriban makanisa yote ya misheni ya Tanzania Bara ni ya baada ya hapo. Kinachobaki ni kuomba waziri alitangaze jengo kuwa kumbukumbu ya taifa, na ombi la namna hiyo halina uzito bila ramani yenye vipimo, picha na maelezo ya hatua za ujenzi, yaani vitu vile vile ambavyo umekuwa ukivikusanya. Zanzibar ina sheria zake, na Kenya hufuata sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.

Ukimaliza, chapa nakala tatu za daftari zima, siyo za kijitabu tu. Moja ikae kwenye makao makuu ya dayosisi au jimbo, moja kwenye nyaraka za taifa, na moja sakristini, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni juu ya mawe mawili, kwa sababu ya mchwa.